Rekodi ya nidhamu na safari ya kusomea udaktari nje ya nchi: mambo ya kuzingatia kwa waombaji na wazazi

MUSOMA

Kila mwaka ifikapo Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, maswali ya udahili huanza katika kaya za Murangi, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, kama ilivyo katika vijiji vya Bunda na Butiama. Mengi ni ya kawaida: pointi, ada, mkopo. Lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Ni la kijana aliyefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, lakini aliwahi kufukuzwa shule, kusimamishwa chuo au kufutiwa matokeo, naye ameambiwa kuwa mlango wa udaktari hapa nchini umefungwa kwake na kwamba kilichobaki ni kwenda nje, ambako watu hawaulizi ya nyuma.

Kwa familia inayoishi kwa uvuvi, kilimo cha mihogo na mifugo michache, jibu la swali hilo lina gharama kubwa. Ng'ombe huuzwa, shamba huwekwa rehani, ndugu huchangishana. Fedha hizo zikishalipwa kama ada ya mwaka wa kwanza na nauli, si rahisi kurudi.

Maelezo hayo yana makosa mawili. Kwanza, kwa sehemu kubwa ya makosa ya nidhamu ya shuleni, mlango wa vyuo vya Tanzania haujafungwa kabisa. Pili, pale ambapo umefungwa kweli, safari ya nje peke yake haiufungui, kwa sababu daktari anayetaka kutibu wagonjwa Tanzania Bara, awe amesomea Mwanza, Kampala au Beijing, hupita katika taasisi zilezile mbili: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na Baraza la Madaktari Tanganyika (MCT). Hivyo swali la kuanza nalo ni rekodi hiyo ni ya aina gani na iko mikononi mwa nani. Nchi ya kwenda hufuata baadaye.

Adhabu ya shule na cheti cha mtihani

Rekodi zinazowatia watu hofu zaidi ndizo ambazo kwa kawaida zina uzito mdogo katika udahili. Mwanafunzi aliyepewa adhabu, aliyesimamishwa kwa wiki kadhaa au hata aliyefukuzwa shule ana kumbukumbu katika faili la shule, na huenda ikaonekana katika cheti cha kuhitimu shule ambacho mkuu wa shule hujaza sehemu ya tabia. Cheti hicho ni tofauti na cheti cha matokeo kinachotolewa na NECTA. Cha NECTA kinaonyesha masomo na madaraja ya ufaulu; hakina safu ya tabia.

Udahili wa shahada ya udaktari wa binadamu nchini hutegemea ufaulu. Miongozo ya udahili ya TCU ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji wa kidato cha sita awe na ufaulu mkuu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, wenye jumla ya pointi zisizopungua 6, kwa hesabu ambayo daraja A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Chuo kinaweza kuweka masharti ya juu zaidi kutokana na ushindani, na hufanya hivyo. Hata hivyo, kijana aliyefukuzwa shule akiwa kidato cha pili kwa kugombana bwenini, kisha akamaliza masomo kwingine na kufaulu, hushindanishwa kwa pointi zake kama wenzake. Kumpeleka nje ili kukwepa jambo ambalo hakuna aliyemuuliza ni kulipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Tatizo la kweli la aliyefukuzwa shule ni kukatika kwa masomo kabla ya mtihani. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinataja makosa yanayoweza kumwondoa mwanafunzi shuleni, yakiwemo utovu wa nidhamu unaojirudia, makosa ya jinai kama wizi, na makosa dhidi ya maadili. Kwa miaka mingi, kifungu hicho cha maadili ndicho kilichotumika kuwaondoa wasichana waliopata ujauzito. Binti wa aina hiyo alibeba jina la mkosaji wa nidhamu hata pale ambapo yeye ndiye aliyekosewa. Novemba 2021, Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi, na utaratibu wake umewekwa katika Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Binti aliyekatishwa masomo ya sayansi hahitaji hati ya kusafiria ili aendelee. Anahitaji kwenda na mzazi au mlezi wake katika Ofisi ya Elimu Sekondari ya halmashauri yake.

Asiyetaka kurudi darasani anaweza kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapa kuna jambo ambalo husahaulika hadi siku ya mwisho: masomo ya sayansi ya kidato cha sita yana mtihani wa vitendo. Mtahiniwa ahakikishe, kabla ya kujisajili, kwamba kituo anachochagua kina maabara na kinapokea watahiniwa wa kujitegemea wa masomo hayo.

Yapo pia makosa ya kumbukumbu zenyewe. Mwanafunzi anaweza kuandikiwa kosa la mwenzake, au adhabu iliyofutwa kwa rufaa ikabaki katika faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mhusika haki ya kupata taarifa zake zilizohifadhiwa na taasisi na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Ombi hilo huanzia kwa taasisi inayozihifadhi, kwa maandishi, na likipuuzwa mhusika anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Matokeo yaliyofutwa na vyeti vya kughushi

NECTA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, ina mamlaka ya kufuta matokeo ya mtahiniwa aliyebainika kufanya udanganyifu au aliyeandika matusi katika karatasi ya majibu. Rekodi hii ni nzito kuliko ya shule kwa sababu moja tu: bila matokeo hakuna sifa ya kuomba. Chuo cha nje kinachofuata utaratibu hutaka matokeo yaliyothibitishwa na Baraza lenyewe, na uthibitisho huo haupatikani kwa matokeo ambayo hayapo.

Hata hivyo kufutiwa matokeo hakumaanishi kufutwa katika elimu. Desemba 2022, Baraza lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba, na mwezi huohuo watoto hao wakapewa nafasi ya kufanya mtihani mwingine, kwa kuzingatia kwamba katika vituo kadhaa udanganyifu ulipangwa na watu wazima. Kwa ngazi za juu hali hutegemea uzito wa kosa na uamuzi wa Baraza katika kila shauri. Aliyefutiwa aombe kwa maandishi kuelezwa ni lini na kwa masharti gani anaweza kujisajili tena. Barua ya jibu aitunze. Ndiyo itakayomsaidia baadaye atakapotakiwa kueleza pengo la mwaka mmoja au miwili katika historia yake ya masomo.

Kughushi ni jambo jingine kabisa. Aprili 2017, taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa kwa Rais jijini Dodoma ilibaini watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, wakiwemo watumishi wa sekta ya afya waliokuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi. Waliondolewa kazini. Uhakiki huo haukujali mtu alisomea wapi baada ya cheti kile cha kidato cha nne. Uliangalia cheti chenyewe. Kijana anayeshauriwa kusafisha rekodi kwa kutumia cheti cha ndugu, au kwa kubadili jina na mwaka wa kuzaliwa, anabadilishana kosa dogo linalosameheka na kosa la jinai litakalomfuata hadi wodini.

Aliyefukuzwa chuo kikuu

Kundi hili ndilo ambalo fikra ya kwenda nje ina mantiki kwake, na ndilo linalohitaji tahadhari kubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari aliyefukuzwa kwa udanganyifu katika mtihani, kwa vurugu au kwa kosa la kimaadili dhidi ya mwenzake anajua kuwa vyuo vya nchini vinaweza kubadilishana taarifa na kwamba taarifa zake za udahili zimo katika mifumo ya TCU. Nje, anaambiwa, ataanza upya.

Kabla ya kuanza upya kwingine, ipo haja ya kuuliza kama chuo kilekile kinaweza kumpokea tena. Kanuni za vyuo hutoa nafasi ya rufaa, na adhabu nyingi huwa na muda. Mkoa wa Mara una sababu ya kukumbuka tukio la Oktoba 22, 1966, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao waliandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwafukuza wanafunzi karibu 400 siku hiyo, na katika hotuba hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata wengi wa wanafunzi wale waliruhusiwa kurejea masomoni. Leo kambi ya JKT ya Rwamkoma, wilayani Butiama, ni miongoni mwa zinazopokea wahitimu wa kidato cha sita, na huenda baadhi ya vijana hao hawajui kuwa jambo wanalolifanya liliwahi kuwafukuzisha watu chuo.

Ikiwa kurejea hakuwezekani, mwombaji anapaswa kujua kuwa nchi nyingi huuliza. Nchini Marekani, fomu ya pamoja ya maombi ya vyuo vya udaktari ina swali la moja kwa moja kuhusu hatua zozote za kinidhamu au za kitaaluma zilizowahi kuchukuliwa dhidi ya mwombaji na chuo alichosoma. Nchini Uingereza, mfumo wa pamoja wa udahili uliacha kuwauliza waombaji wote kuhusu hukumu za jinai, lakini kwa kozi kama udaktari swali hilo limebaki. Aidha, vyuo vya udaktari vina hifadhidata ya pamoja ya wanafunzi walioondolewa kwa kukosa sifa za kimaadili za taaluma. Sababu inaeleweka. Daktari huachiwa mgonjwa asiyejiweza, dawa zinazolevya na siri za watu. Chuo kinachomfundisha hutaka kujua kama aliwahi kuiba, kudanganya au kumdhuru mwenzake.

Vyuo vingine, hasa vile vinavyotegemea ada za wanafunzi wa kigeni, haviulizi, au huuliza kwa kisanduku kimoja cha kutia alama. Ukimya huo si kinga. Kwa kawaida fomu ya udahili huwa na tamko kwamba maelezo yote ni kamili na ya kweli, na kwamba udahili unaweza kufutwa wakati wowote ikibainika vinginevyo. Anayefutiwa udahili katika mwaka wa nne hupoteza pia sababu ya kuwa na viza ya mwanafunzi, na hana chuo cha kumwandikia barua ya uhamisho.

Njia halali ni kueleza. Mwombaji mwenye rekodi ya chuo anaweza kuambatisha barua ya ukurasa mmoja inayotaja kosa kwa jina lake, tarehe, adhabu aliyopewa na kama ameimaliza. Nakala ya uamuzi wa kamati ya nidhamu iambatishwe, hata kama inauma kuisoma. Kisha aeleze amefanya nini tangu wakati huo: kazi, mafunzo, kujitolea katika zahanati, mtihani aliourudia na kufaulu. Barua inayomlaumu mhadhiri au kuwataja wenzake hudhoofisha maombi. Mtu wa kumdhamini awe anajua kosa hilo. Mdhamini anayeshtukizwa na swali la chuo husababisha shaka kubwa kuliko kosa lenyewe. Chuo kinachompokea mwombaji baada ya kuyasoma hayo yote kimempokea kweli, na uamuzi huo utamlinda miaka yote ya masomo. Kwa maana hiyo, nje inaweza kuwa njia mbadala ya haki kwa mtu aliyekosea akiwa na umri wa miaka 20 na akabadilika.

Cheti cha tabia njema cha Polisi kisichanganywe na mambo haya. Balozi na vyuo vingi vya nje hukitaka, na Jeshi la Polisi hukitoa baada ya kuchukua alama za vidole za mwombaji. Cheti hicho kinahusu kumbukumbu za jinai. Adhabu ya bodi ya shule au kamati ya nidhamu ya chuo, ambayo haikufika polisi wala mahakamani, si hukumu ya jinai. Kwa upande mwingine, kupata cheti hicho kikiwa safi hakumpi mtu ruhusa ya kujibu hapana pale anapoulizwa kama aliwahi kuadhibiwa na chuo.

Kabla ya kuondoka: idhini ya TCU

Mtanzania anayekwenda kusoma elimu ya juu nje ya nchi anatakiwa kupata kwanza Cheti cha Kutokuwa na Pingamizi kutoka TCU. Katika hatua hiyo Tume huangalia mambo mawili: kama chuo na programu vinatambuliwa katika nchi husika, na kama mwombaji ana sifa za chini ambazo angetakiwa kuwa nazo kusoma programu hiyo hapa nchini. Jambo la pili ndilo linalowaangusha wengi. Chuo cha nje kinaweza kumpokea mwanafunzi asiye na ufaulu wa Fizikia. Akirudi, pengo hilo litakuwa lilelile aliloondoka nalo. Mwaka wa maandalizi unaotolewa na baadhi ya vyuo vya nje, ambao mara nyingi ni wa lugha na masomo ya msingi, usichukuliwe kuwa umeziba pengo hilo mpaka TCU yenyewe iseme hivyo kwa maandishi.

Wakala anayesema cheti hicho kitashughulikiwa baadaye anapaswa kutiliwa shaka. TCU husajili mawakala wa udahili wa vyuo vya nje, na orodha yao inaweza kuombwa. Vilevile kuna orodha ya kimataifa ya vyuo vya udaktari inayosimamiwa kwa ushirikiano na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari, ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua kwa simu bila malipo. Chuo kukosekana humo ni dalili mbaya. Kuwemo peke yake hakutoshi pia, kwa kuwa orodha hiyo si ithibati.

Lugha iulizwe mapema. Katika nchi kama China na Urusi zipo programu za udaktari zinazofundishwa kwa Kiingereza, lakini wagonjwa wodini huzungumza lugha yao. Mwanafunzi asiyeweza kumuuliza mgonjwa wapi panauma, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, hupita miaka ya mafunzo ya vitendo akiwa mtazamaji. Pengo hilo hujitokeza katika mtihani wa nyumbani, ambao unaelezwa hapa chini.

Usalama nao umekuwa funzo la miaka ya karibuni. Februari 2022 vita ilipoanza Ukraine, Watanzania wapatao 300, wengi wao wanafunzi, walikuwa nchini humo, na waliokuwa mji wa Sumy walikwama kwa siku kadhaa kabla ya kuondolewa. Aprili 2023, Serikali iliwarejesha Watanzania takriban 200 kutoka Sudan, wakiwemo wanafunzi wengi. Katika hali kama hizo mwanafunzi hulazimika kutafuta chuo kingine katikati ya masomo, na chuo kinachompokea hutaka nakala ya matokeo na barua ya chuo cha awali kuhusu hali yake ya kitaaluma na kinidhamu. Aliyekuwa ameingia kwa kuficha mambo hukutana nayo tena akiwa ukimbizini, bila nyaraka na bila muda.

Baada ya kurudi: daftari la madaktari

Shahada ya nje haimfanyi mtu daktari nchini kwa siku anayoshuka uwanja wa ndege. TCU huitathmini na kuitambua tuzo hiyo kwanza. Kisha mhitimu huenda MCT, chombo kinachofanya kazi chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2017 inayosimamia udaktari, udaktari wa meno na taaluma za afya shirikishi. Wahitimu wa nje hutakiwa kufaulu mtihani wa Baraza kabla ya kuanza utarajali, ambao ni mafunzo ya vitendo ya mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa. Baada ya hapo ndipo usajili kamili unapoombwa. Kenya nayo ina mtihani wa namna hiyo kwa wahitimu waliosomea nje, hivyo wazo la kusajiliwa kwanza upande wa pili wa mpaka wa Sirari halifupishi safari. Anayetaka kufanya kazi Zanzibar atawasiliana na baraza la huko.

MCT hushughulikia pia malalamiko na mashauri ya nidhamu ya wanataaluma, na lina mamlaka ya kuonya, kusimamisha na kuondoa jina katika daftari. Kwa mhitimu mwenye rekodi ya zamani iliyoelezwa wazi tangu udahili, na aliyemaliza masomo bila kosa jingine, Baraza litakuwa na faili lenye mfululizo unaoeleweka. Aliyeficha atakuwa na faili lenye maswali, na maswali hayo hayatahusu tena kosa la zamani. Yatahusu uongo wa karibuni.

Milango ya karibu

Kwa mwombaji wa Murangi, chuo cha udaktari kilicho karibu zaidi kiko Mwanza: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, katika eneo la Hospitali ya Kanda ya Bugando, hospitali ileile ambayo wagonjwa wa Mara hupelekwa kwa rufaa. Vipo pia Muhimbili, Dodoma, Moshi, Mbeya na kwingineko. Shahada huchukua miaka mitano, kisha utarajali wa mwaka mmoja. Mwanafunzi wa ndani anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Anayekwenda nje kwa gharama zake asiuingize mkopo huo katika hesabu za familia.

Ambaye pointi zake hazitoshi, au ambaye rekodi yake ya chuo kikuu inahitaji muda, ana njia ya stashahada ya utabibu wa kliniki katika vyuo vya afya vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Masomo hayo ni ya miaka mitatu na humwezesha mhitimu kufanya kazi kama afisa tabibu baada ya kusajiliwa. Miongozo ya TCU humruhusu mwenye stashahada hiyo kuomba shahada ya udaktari akiwa na wastani au GPA inayotakiwa, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza katika kidato cha nne. Njia hii ni ndefu na mara nyingi hudharauliwa nyumbani, ingawa ndiyo iliyowatoa baadhi ya madaktari wanaohudumu mikoani. Kwa mtu mwenye doa la nidhamu ina faida ambayo fedha haiwezi kuinunua: miaka ya kazi katika kituo cha afya, chini ya mganga mfawidhi anayeweza kuandika barua kuhusu mwenendo wake kwa kile alichokiona mwenyewe.

Familia inayoamini kuwa nje ndiko kunakofaa ianze na karatasi kabla ya mnada wa ng'ombe. Uthibitisho wa matokeo wa NECTA hutangulia; kisha uamuzi wa maandishi wa shule au chuo kuhusu kosa na hali ya adhabu; kisha barua ya udahili ya chuo cha nje iliyotolewa baada ya kosa hilo kuelezwa; kisha Cheti cha Kutokuwa na Pingamizi cha TCU. Ada isilipwe, kwa chuo wala kwa wakala, kabla ya hiyo karatasi ya nne kupatikana. Dirisha la kwanza la udahili wa vyuo vya ndani hufunguliwa kwa kawaida mwezi Julai, mara baada ya matokeo ya kidato cha sita, na kuomba huko hakumzuii mtu kuendelea kufuatilia nafasi ya nje.